Wazee Walikataa Wadi

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa letu pale Kawangware alisimama mbele Jumapili moja akasema kwamba wazee wana nyumbani kwao. Mtu akishindwa na kazi ya Nairobi, alisema, mabasi ya kwenda mashambani yapo kila asubuhi. Alisema kwa upole, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi pia nilitikisa changu. Mpaka leo hilo linaniudhi, kwa sababu mwanamke aliyeketi kando yangu hakuwa na nyumbani pa kurudi, na nilijua.

"Nyumbani wapi?" aliuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni. Mwenyekiti akajifanya hakusikia, akaanzisha wimbo.

Mwanamke huyo tulimwita Kukhu, neno la kwetu magharibi la nyanya. Alikuwa jirani yangu katika ploti ya kupanga, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao nyembamba, hata nilijua kikohozi chake cha asubuhi. Alikuja Nairobi akiwa msichana, akalea watoto wa watu miaka yote, Wazungu kwanza, halafu Waafrika walionunua nyumba zile zile baada ya uhuru. Alilala vyumba vya nyuma vya watumishi. Hakuzaa. Shamba la baba yake ndugu zake waligawana, na alipokwenda kuuliza sehemu yake, mke wa mdogo wake alimwambia kitanda cha ziada hakuna. Familia ya mwisho ilimuaga na blanketi na barua ya kumsifu.

Maneno ya mwenyekiti hayakutoka hewani. Kwenye benchi la nyuma siku hiyo alikuwa amelazwa mzee mwashi. Mzee huyu alichonga mawe ya majengo mengi ya mjini, na uzeeni alikuwa amepanga chumba cha udongo Mashimoni, kule Kibera. Kila Jumapili alitembea kutoka Kibera kuja kwetu kwa sababu ibada yetu ilikuwa na lugha yake. Mvua ya masika ile ilimwangushia ukuta, nyonga ikavunjika. Hospitali ilipomtoa, hakukuwa na mtu wa kumpokea, basi vijana wa kanisa wakamleta kwa mkokoteni. Tuliimba tukijilazimisha kutazama mbele.

Baada ya ibada, mama mmoja mjane alisimama mlangoni akazuia watu kutoka. Alikuwa mwenyeji, mwenye ardhi tangu Kawangware ilipokuwa migomba na viazi, kabla wapangaji kama mimi hatujaijaza. Wakubwa kwa wadogo walimwita Shosho, yaani nyanya kwa Kikuyu.

"Nyuma ya nyumba yangu kuna kipande," alisema. "Sipandi kitu huko siku hizi. Wazee wajengewe hapo. Andikeni."

Wanawe wawili, watu wazima wenye vyumba vyao vya kupangisha, walitazamana. Kamati ikaandika.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, na kazi yangu ndiyo iliyoniingiza. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, niliajiriwa katika ofisi ya msanifu majengo mjini. Sikuwa msanifu. Kazi yangu ilikuwa kunakili: nilitandika karatasi nyembamba inayoonyesha chini juu ya mchoro wa bwana mkubwa na kuufuata kwa wino, mstari kwa mstari, mpaka uwe safi. Nilikuwa na mkono mtulivu. Kwa miaka minne nilinakili nyumba za watu, mabenki, shule, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama ukuta umekaa vizuri.

Mwenyekiti alileta mchoro aliochorewa na rafiki yake. "Usafishe tu, binti," aliniambia. "Tuupeleke kwa wafadhili."

Niliuanza jioni ile ile chumbani kwangu. Ukumbi mmoja mrefu. Vitanda safu mbili, wanaume huku, wanawake huku, pazia katikati. Mlango mmoja, na kando yake chumba cha msimamizi chenye dirisha la kuwachungulia. Ua wa waya wenye geti. Vyoo mwisho kabisa wa ploti, ili harufu isifike. Nilipofika kwenye kitanda cha nane mkono wangu ulisimama wenyewe. Nilikuwa nachora wadi. Wadi isiyo na daktari, ambayo mtu anaingia akiwa mzima wa akili na hatoki.

Nilimwendea mwenyekiti nikamuuliza kama wazee wameuona mchoro huo.

"Wataona nini? Wanajua kusoma ramani?"

"Tunaweza kuwaeleza."

"Binti, watu wa kusaidiwa hawachagui."

Lakini Jumapili iliyofuata niliomba majivu kwa mama aliyeuza chai nje ya kanisa, debe zima, nikachora ule ukumbi ardhini kwenye uwanja, ukubwa wake halisi, kila kitanda na kila ukuta. Halafu nikawaita wazee waingie. Walikuja kumi na mmoja. Mzee mwashi walimbeba na kiti chake.

Kukhu alizunguka taratibu, gauni ameliinua lisishike majivu. "Hapa ni nini?"

"Kitanda chako, Kukhu."

"Na huyu hapa ni nani?"

"Mzee mwashi. Katikati kutakuwa na pazia."

"Kwa hivyo mimi nitavua nguo karibu na mwanaume hajanioa?"

"Hata mimi sijaomba kuona," alisema mwashi, na wazee wakacheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi.

Kukhu hakucheka. Alitembea mpaka mwisho wa ukumbi akarudi. "Mlango yangu iko wapi?"

"Ni mmoja wa wote. Ule pale, karibu na msimamizi."

Akanigeukia. "Sikia, mtoto yangu. Miaka yote mimi nimelala kwa nyumba ya watu. Mama ya nyumba anaingia hata bila kubisha, anatafuta kijiko yake chini ya godoro yangu. Sasa nimezeeka, mnanijengea hiyo tena?" Akaweka mguu kwenye mstari wa majivu, akaufuta, kisha wa kando yake. "Toa hii yote."

Wengine wakaanza kufuta na wao, kwa fimbo, kwa viatu. Kwa dakika chache ukumbi ukaisha. Nikabaki nimeshika debe la majivu nusu.

"Basi tuchore upya," nikasema.

Mchana wote tulikuwa pale. Shuleni nilifundishwa kuandika herufi za mchoro zilingane. Kumuuliza mtu anaamka kwa upande gani hakuna aliyenifundisha. Siku hiyo niliuliza. Kila mtu alitaka chumba chake, hata kiwe kidogo, mlango wake, na komeo la ndani. Hawakutaka ngazi hata moja. Walitaka baraza pana mbele ya milango yote, ili mvua ikinyesha mtu asifungiwe. Choo kiwe karibu. Tulipima kwa kumtembeza mwanamke mwenye magoti mabaya zaidi, na alipochoka, hapo tukachora choo. Walikataa vyumba vitazamane na ukuta. Walitaka kuona barabara, watu wanaokwenda kazini, wauza mboga, magomvi. "Tukikaa bila kuona mtu tutakufa haraka," alisema mmoja.

Mzee mwashi ndiye aliyejua vipimo. Alitumia fimbo yake, akanisahihisha mara tatu. Tulipofika kwenye upana wa milango, akasema, "Ongeza."

"Mlango wa kawaida ni huu, mzee."

"Nimejenga milango kabla hujazaliwa. Ongeza. Nikifa nataka kutoka nikiwa nimelala sawa. Sitaki kuinamishwa kama kabati."

Hakuna aliyecheka hapo. Nikaongeza.

Nilichora vyumba sita, kwa kuwa kipande cha Shosho kingebeba sita tu. Vilipinda kuzunguka ua mdogo, na upande wa nne ulikuwa wazi kwa barabara. Ulikuwa mchoro wa kwanza maishani mwangu ambao haukuwa na mwingine chini yake.

Kamati ilikutana. Mwenyekiti aliukunjua mezani, akauangalia, akaniangalia.

"Wewe uliambiwa kunakili. Nani alikwambia uchore?"

"Wao." Nikaonyesha benchi la nyuma, walikokuwa wameketi wazee kama mashahidi.

Alieleza kwa urefu kwamba wafadhili hawawezi kupewa vibanda sita, kwamba mlango mmoja ni usalama, kwamba wazee huanguka, huacha jiko likiwaka, huhitaji mtu wa kuwaangalia. Si yote yalikuwa uongo. Akamaliza kwa maneno yale yale, kwamba watu wa kusaidiwa hawachagui.

Shosho aliinuka. "Mimi si mtu wa kusaidiwa. Ardhi ni yangu. Kwa hivyo mimi nachagua."

"Mama, kanisa haliwezi kujenga hii."

"Sijaomba kanisa ijenge. Nimeomba itupishe."

Tukatoka. Kukhu alitembea mbele kwa hasira, na mimi nilitembea nyuma yake nikiwa na furaha ambayo sikujua niifiche wapi.

Furaha hiyo haikudumu. Ili kupata kibali, mchoro ulihitaji sahihi ya msanifu aliyesajiliwa, nami nilimjua mmoja tu. Niliuweka mbele ya bwana mkubwa wa ofisi yetu. Aliutazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alifuata baraza kwa kidole.

"Nani amechora?"

"Mimi."

"Milango mbona mipana hivi?"

Nikamweleza. Akaukunja polepole akanirudishia. Alisema jina lake haliwezi kukaa kwenye nyumba ya udongo, na kwamba mimi ni mtu wa kunakili, nisisahau. "Rudi mezani kwako."

Nilirudi mezani. Lakini Jumamosi, ambayo kwetu ilikuwa siku ya kazi mpaka saa sita, sikwenda. Nilikuwa Kawangware nikipigilia vigingi. Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu nikaitwa, nikapewa barua ya kuachishwa kazi. Nilichukua kalamu zangu za wino na rula yangu, nikashuka ngazi. Nilitegemea machozi, nikangoja mpaka kituo cha basi. Hayakuja.

Tulianza bila kibali. Wapangaji wa ploti za jirani walitoa Jumamosi zao: seremala mmoja, mafundi bomba wawili, vibarua kutoka Kibera waliomjua mzee mwashi tangu enzi zake. Msingi tulijenga kwa mawe. Mzee mwashi aliketi juu ya kiti chake ukingoni mwa shimo, na jiwe likikaa vibaya alilipiga kwa fimbo bila kusema neno, fundi akalitoa. Kuta za juu zilikuwa fito na udongo, zikakandikwa na wanawake, wazee wakiwemo. Kukhu alikandika chumba chake mwenyewe, akakataa kusaidiwa hata pembeni alipokuwa hafiki.

Kibarua mmoja kijana alisimama mbele ya fremu ya kwanza akaipima kwa mikono. "Niaje, mzee? Hii mlango mbona kubwa hivi? Mnaingiza gari?"

"Hapana," akajibu mwashi. "Ni ya kunitoa mimi."

Asubuhi moja, msingi ukiwa bado nusu, tulikuta vigingi vya upande wa mashariki vimeng'olewa na mtaro umejazwa udongo. Hakuna aliyeuliza ni nani; wana wa Shosho walikuwa wameshasema hadharani kwamba kipande kile kingebeba vyumba vya kupangisha. Shosho hakupiga kelele. Alileta kigoda chake, akakiweka ndani ya mtaro, akaketi na kiondo alichokuwa anasuka. Mwanawe mkubwa alipopita, alimwita.

"Leta jembe. Endelea kujaza. Na mimi niko ndani."

Alikaa pale siku mbili, akila humo humo. Siku ya tatu tulichimbua mtaro tukaendelea, na mwanawe akawa anapita njia nyingine.

Mabati ya paa yalikuwa mapya nusu na ya zamani nusu, mvua ilisikika kwa sauti mbili. Wazee sita waliingia, wale ambao wenzao waliwachagua: Kukhu, mzee mwashi, yule mama wa magoti, mume na mke waliodai vyumba viwili tofauti na wasieleze kwa nini, na mzee mmoja muuza kuni. Kukhu aliingia chumbani mwake mchana, akafunga komeo. Tulisubiri atoke tule. Hakutoka mpaka jioni. "Nilikuwa nimekaa tu," alisema.

Afisa wa vibali alikuja kabla ya mwezi kuisha, kijana mwenye shati jeupe na faili. Alimkuta Kukhu barazani akichambua maharagwe.

"Nyumba hii haina kibali. Itabomolewa. Mna siku saba."

"Karibu, kaa," alisema Kukhu. Kijana akabaki amesimama. "Mama yako iko wapi?"

"Hayo hayahusiani, mama."

"Nimekuuliza."

"Yuko nyumbani. Mashambani."

"Ana nyumba?"

"Ndiyo."

"Mlango?"

Kijana alifungua faili akalifunga. Kukhu aliweka ungo chini. "Sasa andika hivi. Andika umekuta mwanamke mzee, umemwambia atoke, amekataa. Andika vizuri, usisahau hiyo ya amekataa. Na siku saba ikiisha utanikuta hapa hapa."

Barua ilikuja. Shosho aliwashia jiko. Ya pili ilikuja, nayo akawashia jiko. Ya tatu haikuja, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu ya yule kijana au faili lilipotea tu.

Sasa niseme na makosa yangu, maana watu wakisimulia mambo ya kukaidi husahau makosa yao. Bomba la maji nililiweka juu mno. Wazee walilazimika kuinua ndoo mpaka kiunoni, na nilikaa miezi mitatu nikibisha kabla sijalishusha. Dirisha la muuza kuni liliingiza moshi wa majiko ya wote. Na baraza, ambalo nilijivunia, lilikuwa linateleza mvua ikilipiga ubavuni. Mke wa yule mume alianguka hapo akavunjika mkono. Mwenyekiti alisikia, akaja kunitazama tu. Nilikwaruza sakafu yote kwa patasi, nikiwa nimepiga magoti, yeye akiwa bado amesimama.

Mzee mwashi aliishi misimu kadhaa ya mvua. Alipokufa, wanaume wanne walimtoa mlangoni wakiwa wamebeba jeneza begani, wakapita wima bila kupunguza mwendo.

Kifo cha Kukhu ndicho kilichonijaribu. Asubuhi moja hakufungua mlango. Tuliita, tukabisha, na mwisho seremala akavunja komeo. Alikuwa amelala kitandani, amejifunika blanketi la waajiri wake, amekufa pengine tangu jioni ya jana yake. Barabarani ikasemwa kwamba kama kungekuwa na ukumbi na msimamizi, angesikika, angepelekwa hospitali. Mwenyekiti alinishika mkono kaburini Lang'ata akaniambia, si kwa ubaya, "Unaona sasa, binti."

Nililia wiki nzima. Nililipindua jambo lile huku na huku, nikasikia tena kikohozi chake kupitia ukuta wa mbao, na nikajiuliza kama ningebaki jirani yake ningesikia. Huenda. Lakini kila nilipojaribu kusema kwamba nilikosea kumpa komeo, maneno yalikataa kutoka. Alikuwa ameliomba mbele ya watu, akiwa na akili zake timamu, akijua umri wake. Nilimwendea mwenyekiti nyumbani kwake nikamwambia hivyo.

"Na kama ni mama yako?" aliuliza.

"Ningemuuliza anataka nini. Halafu ningempa."

Alinitilia chai, na ilikuwa mara ya kwanza.

Shosho alipofariki, wanawe hawakusubiri. Wazee waliobaki walipewa mwezi mmoja. Tulipigana, tukaenda kwa chifu, tukashindwa. Karatasi iliyoandikwa kanisani haikuwa na nguvu mbele ya hati ya ardhi. Wawili nilikaa nao kwangu, mmoja alichukuliwa na binti yake. Siku mbili kabla ya kubomoa nilikwenda na futi yangu na karatasi, nikapima kila kitu kama kilivyokuwa kweli, si kama nilivyokichora mwanzo: bomba pale liliposhushwa, rafu aliyoongeza muuza kuni, kamba ya nguo iliyokatiza ua mahali ambapo nisingewaza kamwe, na benchi ambalo wazee walilisogeza kidogo kidogo miaka yote mpaka likafika karibu kabisa na barabara. Mwana mkubwa wa Shosho alinikuta nikipima akaniuliza kuna faida gani.

"Nakwenda kujenga nyingine," nikamwambia. Wakati huo sikuwa na pa kujenga.

Miaka kadhaa baadaye, ghorofa za Nyayo Highrise zikiwa zimeshapanda kando ya Kibera, kamati ya akina mama kutoka Kambi Muru, kijiji kimoja cha humo Kibera, ilinitafuta. Walikuwa wamesikia habari za vile vyumba sita. Waliniketisha kwenye chumba cha bati, wakanieleza kwa utaratibu: wana kipande kidogo, wana mawe kiasi, wanataka nyumba ya wazee. Mmoja wao alikuwa tayari amechora, kwenye karatasi ya daftari, ukumbi mmoja mrefu.

Niliirudisha ile karatasi mezani. "Wazee wenyewe wako wapi?"

"Wako tu, huko majumbani. Tulifikiri kwanza tupange, halafu tuwaambie."

Nilifunga mkoba wangu, nikasimama. "Twendeni kwao," nikasema, na kwa kuwa hakuna aliyeinuka, nikatangulia mimi.